Janet Amezeeka, Ziara Isubiri

Tarehe 20 Novemba 2012 mwimbaji wa Marekani Fiona Apple alipaswa kuwa anafunga mizigo kwa safari ya Amerika ya Kusini. Miezi mitano tu nyuma alikuwa ametoa albamu yake ya nne, The Idler Wheel, baada ya kimya cha miaka saba. Alishazunguka nayo Marekani, na maonyesho ya kusini yalikuwa yamebakiza siku chache kuanza. Badala ya kufunga mizigo alikaa akaandika barua kwa mkono, kurasa nne, akaiweka kwenye ukurasa wake wa Facebook ili kila aliyekuwa akimsubiri aisome. Hatakuja. Janet anaumwa.

Janet ni mbwa.

Najua wapo watakaoishia hapo na kufungua kurasa za michezo. Kwetu mbwa ana nafasi yake, na nafasi hiyo ni nje: chini ya mwembe au karibu na geti, na sahani yake ya ugali uliolala wenye dagaa wawili watatu. Anaitwa Simba au Tomi, na kazi yake ni wezi. Pwani nafasi yake ni finyu zaidi, maana mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. (Ingawa pwani hiyohiyo kila mtoto wa chuoni anamjua mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na anamjua yule mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu.) Kwa hiyo mwanamke anayeahirisha ziara ya kimataifa kwa ajili ya mbwa anaonekana, kwa jicho la haraka, ni tajiri aliyekosa matatizo.

Barua ile nimeirudia zaidi ya mara moja, na sikuona anasa ndani yake. Nilimwona mtu wa jukwaani akipiga hesabu ambayo watu wa jukwaani hawapendi kuipiga hadharani.

Kazi ya msanii wa jukwaani ni kuuza uwepo wake. Albamu utainunua Mbeya au Mombasa na mwimbaji asijue kama umezaliwa. Tiketi ni jambo jingine: umelipia kumwona yeye, mwili wake, usiku ule, mahali pale. Na kwa kuwa mwili ni mmoja, kila usiku anaouuza kwa wageni ameutoa nyumbani kwake. Wenye waume, wake na watoto hupiga simu, hutuma picha, huahidi kurudi Jumapili na zawadi. Mbwa haahidiwi kitu. Hajui Jumapili ni nini, na sauti yako kwenye simu haina harufu yako. Kwake upo au hupo. Alipokuwa kijana hilo halikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu ulikuwa unarudi na kumkuta vilevile. Akishazeeka, ukirudi unakuta mbwa mwingine.

Hicho ndicho kilichomtokea Apple. Katika barua yake anasema, kwa mzaha wa mtu anayejijua, kwamba Janet alishazoea kuachwa wiki chache kila baada ya miaka sita au saba. Si uongo mkubwa: albamu zake zilitoka 1996, 1999, 2005, kisha 2012. Lakini aliporudi kutoka awamu ya mwisho ya maonyesho ya Marekani aliona tofauti iliyomshtua. Janet hakutaka tena hata kutoka nje kutembea.

Walikutana Apple akiwa na miaka 21. Wakati huo alikuwa jina kubwa tayari. Alitoa albamu yake ya kwanza, Tidal, akiwa na miaka 18, ikauza nakala zinazofikia milioni 3 Marekani pekee. Mwaka 1997, akipokea tuzo ya MTV, alisimama mbele ya mastaa wenzake akawaambia watazamaji kwamba ulimwengu ule wa mastaa ni upuuzi na wasiuige. Magazeti yalimcheka kwa muda mrefu. Msichana huyo, aliyekuwa amechokwa na kuchoka, ndiye aliyempata mtoto wa mbwa wa miezi minne, aliyeokotwa Echo Park, Los Angeles. Alikuwa pitibuli jike, amefungwa kamba shingoni, masikio na uso vimejaa alama za meno.

Wanaopiganisha mbwa kwa kamari wana desturi moja mbaya. Kabla ya pambano humtupia mbwa wao mbwa dhaifu, amng'ate na kumburuza, ajione shujaa. Apple anaamini hiyo ndiyo kazi aliyopangiwa Janet, na anasema analielewa chaguo lao, kwa sababu katika miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kumwona akianzisha ugomvi, kuuma, wala hata kunguruma. Mbwa wa aina inayoogopwa kuliko zote katika miji ya Marekani, iliyopigwa marufuku katika baadhi yake, alikuwa mpenda amani.

Nyumba zilibadilika, watu waliingia katika maisha yao na kutoka, na mara kwa mara wawili hao walijikuta ndani ya familia za muda ambazo hazikudumu. Mwisho wa yote wakabaki wao. Janet alilala kitandani kwake. Alilala chini ya piano nyimbo zikitungwa. Kila Apple alipojaribu kurekodi kitu nyumbani, Janet alibweka. Rekodi ikaharibika, ikaanzwa upya. Walipokuwa studio kuitengeneza albamu ya nne, na yeye alikuwa studio.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu mwenye akili ya biashara lingekuwa: kwa nini asimchukue? Ndege zipo, mastaa husafiri na paka, kasuku na wapishi. Jibu lilikuwa la kitabibu. Kwa karibu miaka miwili Janet alikuwa na uvimbe kifuani uliokuwa ukikua polepole. Na pia alikuwa na ugonjwa wa Addison, uliopewa jina la daktari Mwingereza Thomas Addison aliyeueleza mwaka 1855. Ndio aliokuwa nao Rais John F. Kennedy, na mbwa huupata pia, hasa majike. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo huacha kutengeneza homoni ambazo mwili huzitegemea kuhimili mshtuko: kupandisha sukari, kushikilia shinikizo la damu, kuweka sawa chumvi na potasiamu. Mtu au mbwa mzima akiogopa, homoni ya kotisoli humwagika na mwili ukajipanga. Mwenye Addison akiogopa, hakuna kinachomwagika. Ngurumo ya ndege, saa nyingi ndani ya kizimba, wageni wenye kelele nyuma ya jukwaa: vitu vinavyomchosha mbwa mwingine vinaweza kumuua huyu. Anaishi kwa sindano na kwa utulivu, na utulivu ndio bidhaa ambayo ziara ya muziki haina kabisa.

Umri nao ulikuwa umefika. Ile kanuni ya kuzidisha miaka ya mbwa kwa saba haina msingi, kwa sababu mbwa hukimbia mwanzoni kisha hupunguza mwendo. Wa mwaka mmoja anaweza kuzaa, na mtoto wa miaka saba hawezi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilinganisha alama za kikemikali zinazojikusanya juu ya chembe za urithi kadiri mwili unavyozeeka, wakitumia damu ya mbwa 104 wa aina ya Labrador, wakapata kipimo bora zaidi. Kwa kipimo chao mbwa wa miaka 14 anasimama karibu na binadamu wa miaka 73. Janet si Labrador, na hesabu ya Labrador haimfai kila mbwa, lakini inatosha kutuonyesha ni nani aliyekuwa amelala nyumbani kwa Apple: bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye uvimbe kifuani na anayeishi kwa sindano.

Hapo ndipo hesabu ya Apple inapoanza kuonekana ya kawaida. Badili jina tu. Msanii anayeahirisha ziara kwa sababu mama yake mzazi yuko siku za mwisho hapati hata mstari mmoja wa kejeli. Tena asipoahirisha ndipo watu husema. Apple aliandika kwamba Janet kwake alikuwa rafiki, mama na mtoto kwa wakati mmoja, na kwamba ndiye aliyemfundisha kupenda. Msomaji yuko huru kukataa kwamba mbwa anaweza kuvaa vyeo hivyo. Ila hawezi kukataa kwamba kwa mwanamke huyu, aliyeingia kwenye kelele za umaarufu akiwa bado binti, hakuna kiumbe mwingine aliyekaa chumba kimoja naye miaka 13 mfululizo.

Aliyempokea akiwa mtoto alitaka awepo pia wakati wa kuondoka. Alichoogopa ni Janet kufa yeye akiwa jukwaani mbali, akakosa heshima ya kumwimbia usingizi na kumsindikiza. Angalia ni mwimbaji anayesema hivyo. Sauti ambayo maelfu walikuwa tayari kuilipia São Paulo ilikuwa imepata kazi nyingine, na kwa maoni yangu ilikuwa kazi kubwa zaidi.

Kuna sehemu moja ya barua ambayo msomaji wa Kiswahili ataifurahia kwa sababu zake mwenyewe. Apple anasema yeye si mwanamke anayeitanguliza kazi mbele ya upendo. Yeye ni mwanamke anayebaki nyumbani kumwokea samaki rafiki yake wa zamani kuliko wote. Na samaki anamtaja: tilapia. Yaani perege. Yaani sato wa Mwanza, ngege wa Kisumu. Wamarekani humla tilapia wa mabwawani akiwa minofu iliyogandishwa, na wengi wao hawajui kwamba asili yake ni mito na maziwa ya Afrika na nchi za jirani zake. Nyama yake laini, isiyo na mafuta mengi, inamfaa mgonjwa. Hata bibi yangu angekubali hapo, kama asingeambiwa mgonjwa ni nani.

Janet alipokufa baadaye, Apple aliihifadhi mifupa yake ndani ya sanduku. Miaka ikapita. Kwa albamu iliyofuata hakutaka tena studio ya watu. Alirekodi nyumbani kwake Venice, ufukweni Los Angeles, yeye na wenzake wakizunguka vyumba wakigonga kuta, viti, sufuria na chochote kilichotoa mlio. Lile sanduku la mifupa nalo likaingia kwenye kundi la ala. Fetch the Bolt Cutters ilitoka tarehe 17 Aprili 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani kwa ajili ya korona, na ukisikiliza vizuri mahadhi yake unasikiliza, mahali fulani, mifupa ya Janet ikipiga.

Wengi walioandika juu ya jambo hilo waliliona la ajabu, wengine la kutisha. Sisi hatuna haki ya kushtuka. Ngoma zetu ni ngozi ya ng'ombe na mbuzi waliokufa. Baragumu ni pembe. Siwa ya Pate, iliyopulizwa kwenye sherehe za watawala, ni ya meno ya tembo. Tofauti ni kwamba ng'ombe wa ngoma hatukumjua jina.

Kuna jambo jingine katika albamu ile lililonifanya nicheke peke yangu. Yule Janet alikuwa akibweka na kuharibu rekodi. Sasa, mwishoni mwa wimbo uliobeba jina la albamu, mbwa wanabweka kwa pamoja na hakuna aliyefuta. Majina yao yameandikwa kwenye orodha ya walioshiriki, pamoja na wapiga gitaa na ngoma. Machi 2021 albamu hiyo ilimpa Apple Grammy mbili.

Njia ya Apple ilikuwa kuisimamisha kazi kwa ajili ya mbwa. Yupo msanii mwingine aliyefanya kinyume: alimwingiza mbwa ndani ya kazi, mpaka mbwa akawa kazi yenyewe.

Laurie Anderson, aliyezaliwa 1947 karibu na Chicago, ni mtu mgumu kumweka kwenye kapu moja. Alisomea uchongaji, akapiga fidla, akaimba, akasimulia hadithi jukwaani kwa sauti iliyopitishwa kwenye mitambo. Wimbo wake wa dakika nane na kitu, O Superman, ulifika nafasi ya 2 Uingereza mwaka 1981, jambo ambalo mpaka leo wauza muziki hawawezi kulieleza. Shirika la anga la NASA lilimwalika kuwa msanii wake mkaazi. Aliishi New York na mwanamuziki Lou Reed, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 2008, na nyumbani kwao alikuwepo Lolabelle, mbwa mdogo wa kabila ambalo wakulima wa Marekani walilizalisha limalize panya ghalani.

Wengi tulimjua Lolabelle kupitia Heart of a Dog, filamu ya dakika 75 ambayo Anderson aliitoa mwaka 2015 na kuipeleka kushindana Venice, ya Italia safari hii. Si filamu ya mbwa kama zile za watoto. Anderson anazungumza mwanzo mpaka mwisho kwa sauti ya chini, picha zikipita: michoro yake, video za simu, mvua juu ya kioo. Anasimulia kwamba baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alimchukua Lolabelle wakaenda milima ya kaskazini mwa California. Alikuwa amesoma kwamba mbwa wa aina ile wanaweza kuelewa maneno yapatayo 500, akataka kujua ni yapi. Hakuyapata. Alichokiona ni ndege wakali wakizunguka juu, wakashuka kwa kasi wakidhani wameona sungura, wakagundua ni mkubwa mno kubebeka, wakapaa. Kuanzia hapo Lolabelle hakuamini tena anga. Alitembea akinusa chini na kutazama juu. Anderson aliutambua uso ule: ndio waliokuwa nao majirani zake New York, waliogundua kwamba hatari inaweza kuja kutoka upande ambao hawakuwahi kuufikiria.

Kisha Lolabelle akazeeka, akapofuka. Mbwa wengi wanaopofuka hujipanga haraka, pua ikishika kazi ya macho. Lolabelle alikataa. Alisimama palepale alipo na kugoma kusogea. Mahali pekee alipokimbia ni ukingoni mwa bahari, ambako aliujua mchanga kuwa mtupu, akatimua mbio moja kwa moja gizani. Mwalimu wake wa mbwa akapendekeza jambo ambalo lingeonekana la kipuuzi nyumba nyingine yoyote: afundishwe kinanda. Wakamwekea kinanda cha umeme sakafuni. Alikikanyaga kwa miguu ya mbele, akapewa kitu cha kutafuna, akakanyaga tena. Baada ya muda akawa anakitafuta mwenyewe, na kupaka rangi pia akafundishwa. Alipiga hata mbele ya watu, kwenye shughuli za kuchangia wanyama. Haukuwa muziki mzuri. Wala haukukusudiwa kuwa mzuri: ulikuwa namna ya kumpa mbwa kipofu sababu ya kuamka. Wazee wengi waliokalishwa kitini wakaambiwa wapumzike wangependa kupata mwalimu wa aina hiyo.

Katika miaka hiyohiyo Anderson alikuwa na wazo jingine kichwani. Siku moja, akisubiri nyuma ya jukwaa la mahafali pamoja na mpiga selo Yo-Yo Ma, alimwambia huwa anawazia kwamba yuko jukwaani, anainua macho, na hadhira yote ni mbwa. Ma naye alikuwa amewahi kuwaza hivyo. Wakakubaliana kwamba atakayeipata nafasi kwanza ataifanya. Juni 2010, kwenye uwanja wa nje wa jumba la opera la Sydney, Anderson akaifanya: onyesho la dakika 20 kwa mamia ya mbwa waliokuja na wamiliki wao. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, la mbwa hupanda mpaka karibu 45,000, kwa hiyo sehemu ya muziki ule watu walioshika kamba hawakuisikia. Mwishoni wote walibweka, wadogo kwanza, kisha wakubwa.

Lolabelle alikufa mwaka 2011. Daktari wa mifugo alisema lile ambalo madaktari wa mifugo husema, kwamba imefika saa ya sindano. Anderson na Reed walikuwa wanafunzi wa dini ya Buddha, na walikuwa wamefundishwa kwamba mnyama, sawa na mtu, huikaribia mauti kisha akarudi nyuma, akaikaribia tena, na si haki kumkatiza safari hiyo. Wakamtoa hospitali wakampeleka nyumbani, wakakaa naye siku tatu mpaka pumzi ikakata yenyewe. Hapa sikubaliani nao moja kwa moja. Nimewahi kuona mnyama akiteseka, na sindano inaweza kuwa huruma. Lakini uamuzi ule ulidai walichoombwa Apple na kila mwenye mbwa mzee: kukaa. Huwezi kuufanya ukiwa ziarani.

Kwa imani ya Kibuddha ya Tibet, aliyekufa hukaa siku 49 katika hali ya katikati kabla ya kuzaliwa upya, na kulia kunakatazwa kwa sababu machozi humchanganya marehemu na kumvuta nyuma. Watu wanaohesabu arobaini, na waliowahi kukemewa na wazee msibani wasimpigie maiti mayowe, hawatahitaji kuelezwa sana. Anderson hakulia, alichora. Michoro mikubwa ya mkaa inayomwonyesha Lolabelle katika zile siku ilitundikwa Philadelphia mwaka uleule wa 2011.

Kinachonivutia kuliko yote ni mahali ambapo filamu ile inaelekea polepole. Katikati ya habari za mbwa anatokea mama. Anderson ni mmoja wa watoto wanane, na hakuwa na hakika kama alimpenda mama yake. Anasimulia kifo cha mama huyo, jinsi alivyokuwa akizungumza na wanyama aliowaona kwenye dari. Anatafuta kumbukumbu moja ya upendo safi na kuipata mbali, utotoni: siku aliyokuwa akiwasukuma wadogo zake wawili kwenye kigari juu ya ziwa lililoganda, barafu ikavunjika, wakazama, akapiga mbizi akawatoa mmoja baada ya mwingine. Alipofika nyumbani akijua atachapwa, mama alimsifu jinsi anavyoogelea na kupiga mbizi. Basi. Bila Lolabelle sidhani kama angefika kwenye ile habari. Kumhuzunikia mbwa kulikuwa rahisi, hakukuwa na deni kati yao. Huzuni ile nyepesi ikafungua ile nzito. Na mumewe, aliyekaa naye zile siku tatu, naye alifariki Oktoba 2013, kabla filamu haijakamilika. Ameiweka wakfu kwa kumbukumbu yake, lakini habari ya kifo chake haisimulii. Anasimulia ya mbwa.

Wengine waliopita njia hii niwataje mbiombio. Paul McCartney alimfuga Martha, mbwa mkubwa wa kondoo mwenye manyoya yaliyofunika macho, wakati Beatles hawawezi kutembea barabarani bila kuraruliwa nguo. Jina lake likaingia kwenye wimbo wa 1968, naye akaishi mpaka 1981, miaka kumi na zaidi baada ya kundi lenyewe kuvunjika. Mwigizaji Mickey Rourke, Hollywood ilipomtupa, alibaki na mbwa wake wadogo wa Chihuahua. Aliporudi kwa kishindo na The Wrestler na kushinda Golden Globe Januari 2009, aliwashukuru mbwa wake wote, walio hai na waliokufa. Februari, siku sita kabla ya Oscar, Loki wake alikufa akiwa na miaka 18. Rourke alikwenda Oscar na picha ya Loki ikining'inia kifuani. Hakushinda.

Yupo na Barbra Streisand, na huyu ndiye aliyenisumbua. Mbwa wake Samantha alikuwa wa aina ya Coton de Tulear, weupe wenye manyoya ya pamba, walioitwa kwa jina la bandari ya kusini-magharibi mwa Madagascar walikotoka. Aliishi naye miaka 14. Samantha alipokaribia kufa mwaka 2017, daktari alichukua chembe mdomoni na tumboni mwake, zikapelekwa maabara Texas. Bei ya huduma hiyo kwa mbwa mmoja ilikuwa dola 50,000 za Marekani. Chembe ya mbwa aliyepo hutolewa kiini chake, kiini hupandwa kwenye yai la mbwa mwingine lililokwishaondolewa chake, yai hupandikizwa kwa jike wa tatu, na baada ya miezi miwili huzaliwa pacha wa yule wa kwanza, mwenye kuchelewa miaka kumi na minne. Februari 2018 Streisand aliliambia jarida la Variety kwamba anao wawili. Walifanana kiasi kwamba aliwavisha rangi mbili kuwatofautisha, wakapata majina yao hapo: Miss Scarlett na Miss Violet. Baadaye aliweka picha ya watoto hao wakiwa kwenye kigari, mbele ya kaburi la Samantha.

Watetezi wa wanyama walimlaumu kwamba mbwa wasio na makazi wamejaa kwenye vituo vya hifadhi, na lawama hiyo ina uzito. Mimi linanisumbua jambo dogo zaidi. Apple aliupokea mwisho akaukalia kando yake, Anderson aliuchora. Streisand, mwenye uwezo wa kununua karibu kila kitu, alijaribu kununua mwanzo mwingine. Mwenyewe aliligundua hilo mapema: alikiri kwamba watoto wale wana tabia zao tofauti, na kwamba sura inaweza kunakiliwa, roho haiwezi. Alisema anasubiri wakue aone kama watakuwa na macho ya kahawia ya Samantha na ule umakini wake.

Wamekwishakua. Mbwa wa umbo lao huhesabiwa mzee kuanzia miaka kumi hivi, na Streisand, aliyezaliwa Aprili 1942, amevuka themanini. Maabara ya Texas bado inapokea chembe.